Hujaridhika na Daktari? Namna ya Kulalamika Mpaka Usikilizwe

Maswali ninayoulizwa ni yale yale kila wiki. "Daktari alimjibu mama kwa ukali, hata hakumpima. Nianzie wapi?" "Mtoto alichomwa dawa ambayo tulishasema inamdhuru, tufanyeje?" "Nikilalamika hawatatuonea tukirudi?" Nilifanya kazi miaka tisa kwenye masjala ya hospitali nikitunza mafaili, na miwili ya mwisho nilipangiwa dawati la malalamiko. Barua nyingi nilizopokea zilikuwa na haki ndani yake na bado hazikufika popote, kwa sababu aliyeandika alikuwa na uchungu mkubwa lakini hakuwa na tarehe, saa wala jina. Inaniuma mpaka leo. Ndiyo maana nimeamua kuandika hatua zote mahali pamoja.

Sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo sitakupa namba za vifungu. Nitakupa kazi yenyewe, ambayo haibadiliki sana popote ulipo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari moja la kazi hii tu. Usitumie karatasi za kuokoteza.
- Kadi ya mgonjwa, namba ya faili, tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa.
- Risiti zote, cheti cha dawa, majibu ya vipimo, pamoja na maboksi na chupa za dawa zilizotumika. Usitupe hata chupa tupu, kwa sababu lebo yake ina jina, nguvu ya dawa na namba ya toleo.
- Idhini ya maandishi ya mgonjwa kama si wewe mwenyewe. Mtu mzima mwenye akili timamu anasaini mwenyewe. Kuwa mke, mume au mtoto wake hakutoshi, kwani siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Kama ni mtoto mdogo, leta uthibitisho kwamba wewe ni mzazi au mlezi. Kama mgonjwa amefariki, leta cheti cha kifo na hati ya kuonyesha uhusiano wenu.
- Sentensi moja inayosema unataka nini. Maelezo? Kuombwa radhi? Kurudishiwa gharama? Daktari achunguzwe na chombo cha taaluma? Iandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Usipoijua wewe, hakuna atakayekujulia.

Hatua ya 1. Kama mgonjwa bado yuko kitandani, mpiganie kwanza

Barua itasubiri. Mtafute muuguzi wa zamu, asipochukua hatua muombe kiongozi wa zamu, kisha daktari wa zamu, kisha bingwa anayesimamia wodi. Usiseme tu "hali yake mbaya", kwa sababu maneno hayo wanayasikia kutwa nzima. Sema kilichobadilika: "Saa moja iliyopita alikuwa ananijibu, sasa hanijibu." "Tangu asubuhi hajakojoa." "Anapumua haraka kuliko jana." Mabadiliko ndiyo yanayomfanya muuguzi aende kuangalia.

Una haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine. Azimio la Lisbon kuhusu haki za mgonjwa, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1981 na kurekebishwa 1995, linataja haki hiyo waziwazi, katika hatua yoyote ya matibabu. Iombe kwa heshima: "Dokta, tunakushukuru, ila tungependa na daktari mwingine amwone kabla hatujaamua." Daktari makini hachukii ombi hilo.

*Onyo:* usimtoe mgonjwa kwa hasira. Ukiamua kumhamisha, omba barua ya rufaa na nakala za vipimo. Mgonjwa aliyeondoka kwa kusaini kwamba amekataa ushauri, bila karatasi hata moja mkononi, anaanza upya kote aendako.

Hatua ya 2. Andika mlolongo leo, usingoje kesho

Kumbukumbu huoza haraka, hasa ya mtu aliyekesha wodini. Kaa chini uandike: tarehe, saa, nani alikuwepo, alisema nini, alifanya nini, wewe ulifanya nini. Tenganisha ulichokiona kwa macho yako na ulichosimuliwa. Kama huna hakika na saa, andika "kama saa 2 hivi, baada ya chakula cha jioni". Usibuni saa kamili ili uonekane una uhakika. Chati ikikupinga kwenye hilo moja, watayatilia shaka na mengine.

Hapa kuna kosa linalotuumiza sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wote. Chati nyingi za hospitali zinatumia saa 24 zinazoanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza au kuzama. Baba mmoja aliandika kwamba mwanawe alichomwa sindano "saa 4 usiku". Waliopitia lalamiko wakaenda kwenye mstari wa 04:00, hawakuona sindano, wakaandika kwamba dai halina ushahidi. Sindano ilikuwa pale pale kwenye chati, mstari wa 22:00, na saini chini yake. Ilichukua wiki sita jambo hilo kurekebishwa. Andika saa zote mbili kila mara: "saa 4 usiku (22:00)". Na taja usiku wa kuamkia siku gani, kwa sababu ikipita saa 6 usiku, tarehe ya chati inabadilika.

Hatua ya 3. Jua unalalamikia nini hasa

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapochanganyika. Kuna matokeo mabaya, kuna matibabu mabaya, na kuna mwenendo mbaya, na kila kimoja kina njia yake.

Matokeo mabaya peke yake si kosa la daktari. Kidonda cha upasuaji kinaweza kutunga usaha hata kama kila kitu kilifanywa sawasawa. Lakini kama chati inaonyesha homa ilipanda siku tatu mfululizo na hakuna aliyefungua bandeji kuangalia, hayo sasa ni matibabu. Swali la kujiuliza ni hili: daktari mwingine mwenye elimu na uzoefu kama wake, akiwa na vifaa vile vile, angefanya hivi? Ndilo swali watakalouliza wachunguzi nao.

Mwenendo ni jinsi alivyojibeba kama mtu wa taaluma: kutukana au kudharau, kutoa siri ya mgonjwa, kupima sehemu za siri bila ridhaa wala maelezo, kudai fedha pembeni, kuja kazini amelewa, kuandika kwenye faili jambo ambalo hakulifanya. Haya ni makosa hata kama mgonjwa alipona kabisa. Watu wengi hunyamaza kwa kuwa "mwishowe alipona". Usinyamaze.

Kisha kuna mambo ambayo si ya daktari: foleni, dawa kuisha, bili isiyoeleweka, vyoo. Yaandike kwenye barua ya pekee kwa uongozi. Ukiyachanganya, watajibu lile la choo na kuliacha la daktari.

Hatua ya 4. Omba nakala ya faili kabla ya kuandika barua

Ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu, ningetoa huu. Faili kwanza, barua baadaye. Ukipeleka barua ya tuhuma kabla hujaona kilichoandikwa, unabishana gizani.

Andika ombi fupi kwa mkuu wa hospitali au kitengo cha kumbukumbu: jina la mgonjwa, namba ya faili, tarehe, na karatasi unazozitaka. Usiseme "faili lote" peke yake, maana utapewa muhtasari wa kuruhusiwa basi. Taja: maelezo ya madaktari, maelezo ya wauguzi, chati ya joto, mapigo, upumuaji na shinikizo la damu, karatasi ya dawa, majibu ya maabara, picha za eksirei na ripoti zake, fomu ya ridhaa. Kama alifanyiwa upasuaji, ongeza ripoti ya upasuaji, karatasi ya usingizi na orodha ya ukaguzi wa usalama. Orodha hiyo ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ina vipengele 19 vinavyokaguliwa kabla ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Kama ni uzazi, omba partografu, ile karatasi ya grafu inayofuatilia uchungu, njia kufunguka na mapigo ya mtoto. Nimeona partografu zilizobeba kesi nzima kwa sababu ya masaa manne matupu katikati.

Ukipewa, fanya hivi:

1. Hesabu kurasa na uandike idadi mbele ya aliyekukabidhi.
2. Weka nakala hiyo kando na daftari lako, linganisha saa kwa saa.
3. Tafuta mapengo. Karatasi ya dawa ina kisanduku cha kila dozi. Kisanduku kitupu maana yake dozi haikutolewa, au ilitolewa haikusainiwa. Yote mawili yanastahili swali.
4. Angalia masahihisho. Utaratibu ni kukata neno kwa mstari mmoja linaloendelea kusomeka, kisha saini na tarehe. Maandishi yaliyoongezwa baadaye yanatakiwa kusema yameongezwa lini. Maneno yaliyofutwa kwa rangi nyeupe au kubanwa pembeni bila tarehe, yawekee alama kwenye daftari lako.

*Onyo:* usiandike chochote kwenye faili halisi wala kuchomoa karatasi, hata kama una uhakika ina uongo. Ukifanya hivyo, mtuhumiwa anakuwa wewe.

Maandishi ya daktari hayasomeki? Mpelekee nakala daktari au muuguzi unayemwamini asiye wa hospitali hiyo, akusomee. Mwombe akueleze tu, asikuandikie hukumu.

Hatua ya 5. Ongea kwanza, isipokuwa katika haya

Malalamiko mengi niliyoyaona yakiisha vizuri yaliisha kwenye meza, si kwenye barua. Omba nafasi na daktari mwenyewe au mkuu wa idara. Nenda na mtu mmoja mtulivu, maswali matatu yameandikwa. "Dokta, naomba unieleze kwa nini dawa ilibadilishwa Alhamisi." Kisha nyamaza umsikilize. Wengine watakueleza jambo ambalo hukulijua na utaondoka umeridhika. Hilo nalo ni mafanikio. Baada ya mazungumzo, siku hiyo hiyo, andika mliyokubaliana.

Ruka hatua hii kama kuna udhalilishaji wa kingono, kupigwa, kudaiwa rushwa, au daktari kuwa amelewa kazini. Hayo yapeleke moja kwa moja kwa uongozi wa juu na chombo kinachosimamia madaktari, na yenye jinai yapeleke polisi. Aliyeguswa isivyofaa hapaswi kukaa meza moja na aliyemgusa ili "wayamalize".

Hatua ya 6. Andika barua

Kurasa mbili zinatosha. Mpangilio ni huu: wewe ni nani na mgonjwa ni nani, kilichotokea kwa mfululizo wa saa, ni kipi unachoamini hakikuwa sahihi, madhara yaliyompata mgonjwa, unataka nini, orodha ya viambatisho. Kila jambo aya yake, na zipe aya namba ili wakujibu kwa namba.

Tazama tofauti. Hii ni aya niliyoletewa na binti mmoja, nimeondoa kila cha kumtambulisha:

"Daktari wenu hana utu hata chembe, alimtelekeza mama yangu usiku kucha akihangaika, na nyote mnajua tabia zake."

Tulikaa na daftari lake na nakala ya faili, ikawa hivi:

"Usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, saa 3:20 (21:20), nilimweleza muuguzi wa zamu kwamba mama anapumua kwa shida. Nilimweleza tena saa 4:10 (22:10), akasema ameshampigia daktari. Daktari wa zamu alifika kitandani saa 7:45 usiku (01:45). Katika maelezo ya wauguzi, ukurasa wa 6, hakuna kipimo cha upumuaji kilichoandikwa kati ya 21:00 na 01:45. Naomba kujua daktari aliitwa saa ngapi, na kwa nini mama hakupimwa katika muda huo."

Aya ya kwanza inajibiwa kwa "tunasikitika". Ya pili haijibiki hivyo. Lazima mtu afungue kitabu cha zamu.

Makosa ninayoyaona sana:

- Kuandika "daktari alimuua". Andika alichofanya au alichoacha kufanya. Sababu ya kifo itaamuliwa kwa ushahidi.
- Kudhani nia. "Alifanya makusudi" huwezi kuithibitisha, na usipoithibitisha inadhoofisha mengine yote.
- Kutaja kabila, dini au jinsia ya daktari. Hayahusiki.
- Kutishia. "Nitawaonyesha" inahamisha barua yako kutoka kwa mkaguzi wa matibabu kwenda kwa mwanasheria, na kuanzia hapo hakuna atakayekueleza kitu kwa uwazi.
- Kuweka jina la daktari na picha za mgonjwa mitandaoni kabla uchunguzi haujaisha. Unaweza kushtakiwa kwa kashfa, na siri uliyomwaga ya mzazi wako hairudi.

Hatua ya 7. Peleka na ufuatilie

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanagonga muhuri wa kupokea wenye tarehe na unarudi nayo. Muhuri huo ni muhimu kuliko maneno ya upole ya mapokezi. Ukituma kwa barua pepe, omba jibu la kuthibitisha wamepokea. Uliza: lalamiko limepewa namba gani, nani analishughulikia, jibu ni lini. Siku hiyo ikipita, andika ukumbusho wa mistari mitatu. Usibadilishe madai katikati. Ukikumbuka jambo jipya, liite nyongeza na ulipe tarehe.

Kikao kikiitwa, omba kumbukumbu za maandishi. Ukitaka kurekodi sauti, sema wazi mwanzoni, kwa kuwa kurekodi kwa siri kunaruhusiwa mahali pengine na ni kosa mahali pengine.

Hatua ya 8. Jibu lisiporidhisha, panda ngazi inayofaa

Usipeleke kila kitu kila mahali kwa siku moja. Kila chombo kina mkono wake.

Chombo cha kusajili madaktari, ambacho sehemu nyingi huitwa baraza, kinahukumu taaluma na mwenendo. Kinaweza kuonya, kuweka masharti, kusimamisha leseni au kumfuta daktari kwenye rejesta. Kwa kawaida hakikulipi fidia. Pia ndicho kinachoweza kukuthibitishia kama aliyekutibu amesajiliwa kweli. Uliza hilo mapema. Wauguzi wana chombo chao, usiwachanganye.

Bima inahusika kama umetozwa huduma ambayo haikutolewa. Mahakama ndiyo ya fidia, na huko utahitaji wakili na daktari wa kutoa maoni ya kitaalamu. Mahakama zina ukomo wa muda, na kusubiri jibu la hospitali si lazima kusimamishe saa hiyo. Kama madhara ni makubwa, muulize wakili kuhusu ukomo huo mapema, hata kama bado mnazungumza kwa amani.

Ukikwama

*Sijui jina la daktari.* Andika siku, saa, wodi na alivyokuja: "aliyepitia wagonjwa asubuhi ya Jumatano, wodi ya wanaume". Ratiba ya zamu ipo, watamtambua.

*Wanasema faili limepotea.* Omba waandike hivyo kwa barua, yenye saini. Kisha kusanya vipande: maabara ina rejesta yake, eksirei ina yake, duka la dawa na ofisi ya malipo zina zao, chumba cha upasuaji kina kitabu chake. Katika miaka yangu ya masjala sikuwahi kuona mgonjwa aliyepotea kwenye vitabu vyote kwa pamoja.

*Nilisaini fomu ya ridhaa.* Ridhaa ni kukubali matibabu na hatari ulizoelezwa. Haimpi mtu ruhusa ya uzembe. Na kama ulisainishwa bila kuelezwa chochote, au kwa lugha usiyoielewa, hilo lenyewe ni lalamiko.

*Naogopa watamwonea mgonjwa akirudi.* Hofu hii ni ya kweli, siidharau. Iandike ndani ya barua: "Mgonjwa anaendelea na matibabu hapa, naomba lalamiko hili lisiathiri huduma yake." Ukishaandika, lolote likitokea linahesabika. Omba pia apangiwe daktari mwingine wakati uchunguzi unaendelea.

*Mgonjwa amefariki na hatuelewi sababu.* Amueni kuhusu uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Najua ni saa ngumu kuliko zote na familia haitakubaliana upesi. Lakini baada ya kuzika, kufukua kunahitaji amri ya kisheria na mengi yanakuwa yamepotea. Ombeni ufanywe na daktari asiyehusika na matibabu, na mjue nani atapokea ripoti.

*Wanatoa fedha na karatasi ya kusaini.* Usisaini siku hiyo. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, uisome na wakili. Angalia kama inasema unaacha madai yote ya baadaye, na kama inakukataza kwenda kwenye chombo cha taaluma. Sharti hilo la pili mwambie wakili aligombanie liondolewe, hata kama fedha zinakutosha, kwa sababu daktari huyo kesho ana wagonjwa wengine. Wakikuambia ofa inaisha leo saa 10, waambie waandike hivyo na wasaini, kisha uondoke na nakala yako.